Sauti ya Pango la Tatu

Bertrams, Johannesburg
12 Septemba 2017

Kwa Mwalimu Jeannine Kisimba, kwa mkono wa Sista Benita, ofisi ya parokia, Kalemie

Mwalimu,

Jana asubuhi Bwana Steve Verwey, meneja wa bustani ya michezo ya Silverkop, kusini mwa jiji hili, aliwaambia waandishi kwamba mchezo wa mashua uitwao Mto wa Giza utafungwa tarehe 31 Januari mwakani, utatengenezwa upya "uendane na wakati," na kufunguliwa tena Pasaka. Kuna watu wanaosema mchezo huo unawadhalilisha Waafrika. Kuna wengine waliopelekwa pale na wazazi wao, nao wanasema wananyang'anywa utoto wao. Mimi nilikwenda kuandika habari hiyo, si zaidi.

Naitwa Luqman Shekue. Ni mtu wa Tanga, umri wangu miaka hamsini na minane, na nimekuwa mwandishi wa gazeti hapa tangu 1996. Hunijui. Jina lako nimelipata hivi.

Mashua hupita kwenye mapango manne ya saruji. Katika pango la tatu kuna mwanamume anayepiga kelele juu ya mlio wa ngoma. Abiria huchukulia kwamba ni makelele matupu. Ni Kiswahili. Nilipanda mashua mara saba hadi nikayaandika maneno yote. Nayanakili:

"Mimi Ezéchiel Kisimba, mwana wa Kisimba wa Moba! Nakaa Kalemie, nyuma ya stesheni! Mke wangu Angélique! Mtoto wangu Jeannine! Sikupotea! Niko hapa! Wewe unanisikia, enda useme!"

Nyuma yake mtu mwingine anacheka.

Nilipiga simu parokia tatu za Kalemie. Kwenye ya tatu, Sista Benita aliniambia anamjua Jeannine Kisimba, mwalimu wa darasa la nne, na kwamba mama yake anaitwa Angélique.

Naomba majibu mawili. Je, huyu ni baba yako? Na je, mna habari zake? Mara ya mwisho nilimsikia jana, saa tisa kasoro dakika ishirini alasiri. Sauti yake ilikuwa na nguvu.

Wako,
Luqman Shekue


Kalemie
19 Septemba 2017

Papa Luqman,

Ndiyo. Ni baba.

Sista Benita aliichapa barua yako kutoka kompyuta ya parokia, akaileta mwenyewe shuleni Alhamisi. Niliisoma nimesimama mlangoni, wanafunzi wananitazama. Nikaenda nyumbani nikamsomea mama. Nilipofika pale ulipoandika "jana, saa tisa," akaniambia, "Rudia hapo." Nimerudia mara nne. Kisha akatoka kwenda kuazima ngazi kwa jirani, maana bati la chumba cha nyuma linavuja na baba hapendi unyevu.

Baba aliondoka 1993, nikiwa na miaka minne. Barua zake zilikuja mpaka 1998. Mwezi wa saba mwaka huo ikaja barua ya mtu mwingine, Damien Mutunda, mlinzi mwenzake kazini. Ilikuwa mistari miwili. "Ezéchiel ni mgonjwa sana. Njooni." Wiki tatu baadaye vita ikaanza. Reli ilikatika, meli zikachukuliwa na wanajeshi. Nani angefika huko? Barua nyingine hatukuipata.

Tangu hapo mama ameliandikisha jina la baba kwenye orodha ya wagonjwa wanaoombewa kila Jumapili. Miaka kumi na tisa, Papa Luqman. Mapadre wamebadilika watano, na kila mpya huuliza, "Huyu mgonjwa Ezéchiel amelazwa wapi?" Mama hujibu, "Johannesburg." Nilipokuwa mtoto wenzangu walinitania: "Baba yako anaumwa kuliko Lazaro!" Jumapili hii mama aliomba jina litolewe kwa wagonjwa, lisomwe kwenye shukrani. Kanisa zima lilipiga vigelegele.

Mwambie asiogope kutuandikia. Kama ana mke huko, mama amesema aje naye. Muulize tu kama kile kikohozi kilimwacha. Na kama simu yako inarekodi, nitumie hata neno moja. Nilikuwa mdogo, sauti yake siikumbuki.

Jeannine Kisimba


Bertrams, Johannesburg
22 Septemba 2017

Mwalimu Jeannine,

Nimekosea, na kosa ni langu peke yangu.

Sauti niliyoisikia ni ya kanda. Ilirekodiwa mwaka 1995 mchezo ulipojengwa, na mashine huirudia kila baada ya sekunde arobaini. Fundi wa bustani amenionyesha mashine yenyewe. Sauti hutoka kwenye spika iliyo ukutani. Baba yako sijamwona. Sijui kama yu hai.

Niliandika "nilimsikia jana" kwa sababu nilimsikia jana. Katika kazi yetu tunaandika saa na mahali, na tunadhani tumemaliza. Sikujiuliza nani atasomewa barua ile. Nakuomba umwambie mama kabla ya misa ya keshokutwa.

Nilirekodi kwa simu nikiwa ndani ya mashua. Ngoma na maji vinasikika sana, lakini maneno yanatambulika. Ukiniruhusu nitakutumia leo.

Huyo Damien Mutunda ndiye njia pekee tuliyo nayo. Kama bahasha ya 1998 bado ipo, ninakili kila kilichoandikwa juu yake, hata muhuri wa posta.

Luqman Shekue


Kalemie
27 Septemba 2017

Papa Luqman,

Mama sijamwambia. Jumapili nilikaa naye benchi moja, amevaa kitenge kipya, na jina likasomwa tena kwenye shukrani. Nilitazama chini.

Sauti usiitume. Niliitaka, sasa siitaki kwa njia hiyo. Nikiisikia peke yangu nitakuwa nimemwibia mama. Na simu si ya mambo haya. Kwenye simu tunaulizana bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Bahasha ipo. Nyuma imeandikwa: D. Mutunda, Bertrams, nyuma ya uwanja wa Ellis Park, nyumba ya mlango wa kijani. Muhuri ni wa tarehe 2 Julai 1998.

Kuna jingine. Mwalimu mwenzangu amenionyesha kwenye simu yake picha za mchezo huo, zilizowekwa mtandaoni na binti mmoja wa huko kwenu anayeitwa Murielle. Picha ni ndogo. Nimeona mtu mweusi, mrefu, ana mfupa puani. Wewe uliniandikia spika ukutani. Wewe ni mtu wa saa na dakika. Basi niandikie sawasawa: baba yangu anaongea akiwa nani?

Jeannine


Bertrams, Johannesburg
9 Oktoba 2017

Mwalimu Jeannine,

Nakujibu sawasawa.

Spika iko ukutani. Mita moja na nusu mbele yake imesimama sanamu ya mwanamume, kimo chake futi saba. Amevaa majani. Ana mfupa puani, meno yake yamechongwa, na mkononi ana mkuki. Taya lake hufunguka na kufunga kwa umeme, likifuata sauti ya baba yako. Mbele ya sanamu kuna chungu, na ndani ya chungu mzungu wa plastiki mwenye kofia. Hapo ndipo watoto hucheka zaidi. Niliyaacha hayo kwa makusudi. Mwandishi kijana angefanya hivyo ningemrudishia habari yake.

Damien Mutunda nimempata. Nyumba ya mlango wa kijani ilibomolewa, lakini muuza duka wa jirani alimkumbuka. Siku hizi ni fundi cherehani Troyeville, anashona sare za shule. Ana miaka sitini na saba. Murielle uliyeona picha zake ni binti yake. Ni wakili katika ofisi moja ya Sandton, na ndiye kiongozi wa kundi linalotaka Mto wa Giza ubomolewe wote.

Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwuliza kama alimjua Ezéchiel Kisimba.

"Keti kwanza," akasema. "Jina hilo mtu haliulizi amesimama. Wewe ni Mtanzania?"

"Wa Tanga."

"Eish, Tanga. Umechelewa miaka kumi na tisa."

Mwaka 1995 walikuwa walinzi pamoja pale Silverkop. Wenye mradi walitaka sauti ya mtu mwitu. Wakawaita walinzi wawili wasio wa nchi hii, wakamwambia Ezéchiel apige kelele kwa lugha yake, chochote, ila awe na hasira.

"Akaniuliza, 'Damien, niseme nini?' Nikamwambia sema hata bei ya nyanya, hawa wanajua nini? Yeye akasema jina lake. Jina lake na la baba yake na mahali anapokaa, kama mtu yuko kwa chifu! Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Wazungu wakafurahi, wakasema acheni na hicho kicheko. Kile kicheko unachosikia ni changu."

Murielle alikuwa jikoni. Alitokea na sahani mkononi.

"Papa, miezi minane napigana na kitu kile, na wewe umo ndani?"

"Nimo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitazama hivyo unavyonitazama."

Nikamwuliza Mzee Damien juu ya barua ya 1998. Alisema ni yake, na kwamba aliandika kama inavyoandikwa. Nikamwuliza maana ya maneno "mgonjwa sana." Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Wewe ni mtu mzima, Mswahili, unaniuliza hilo? Mambo mengine hayawekwi kwenye karatasi. Mtu anakaa mbele ya mtu, anasema kwa mdomo. Niliwaita waje niwaambie. Hawakuja."

Tulikubaliana kwamba nitakuandikia yale tu aliyoyaruhusu. Baadaye aliniambia jambo moja zaidi, akanielekeza mahali. Nimekwenda. Namba niliyoikuta pale nimeiandika kwenye daftari langu. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii nina habari niliyoithibitisha kwa macho yangu na siiandiki.

Kuhusu mchezo, nilimweleza Bwana Verwey maneno yanasema nini. Akasema ni jambo zuri sana. Sasa mpango wake ni huu: mfupa utolewe, chungu kiondolewe, sanamu ivalishwe shati, na sauti ibaki, na kando yake kibao chenye tafsiri na jina la baba yako. Anasema hiyo ndiyo heshima. Murielle anataka vyote vivunjwe isipokuwa kanda, ambayo angependa iwekwe kwenye maonyesho iwe ushahidi wa yaliyotendwa. Nimewaambia wote wawili kwamba kuna watu Kalemie ambao hawajaulizwa.

Nakuuliza.

Luqman Shekue


Kalemie
16 Oktoba 2017

Papa Luqman,

Nimesoma ulichoandika, na usichoandika pia.

Nilimwambia mama jana baada ya misa. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilianza na kanda, nikaenda kwa sanamu, nikafika kwa Papa Damien. Hakusimamisha mtwangio. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile barua. Nani anaita watu kutoka Kalemie mpaka Johannesburg kwa ajili ya homa?"

"Basi kwa nini umemwombea kama mgonjwa?"

"Kwa sababu aliyeniita hakuniambia. Neno halijafika. Nikae matanga kwa mistari miwili ya karatasi? Mpaka mtu akae kwenye kiti hapa, aseme kwa mdomo wake, mume wangu ni mgonjwa."

"Na mwezi uliopita, mama? Ile ngazi? Kile kitenge?"

Hapo mtwangio ukasimama.

"Nilikuwa nimechoka kujua," akasema.

Amekaa na hayo usiku mmoja. Leo asubuhi amenituma kwako. Papa Damien aje. Asitume mtu, asiandike, aje yeye. Na ile sauti, amesema hivi: mtu asiyekaliwa matanga ana haki ya kuita. Akishakaliwa, anyamaze. Kwa hiyo wasiizime kabla neno halijatufikia, na isilie tena baada yake. Kanda aje nayo Papa Damien. Tutaisikia matanga yakiisha, si kabla. Mimi ndiye nitakayeisikia. Mama amesema yeye anaijua.

Hatutaki kibao. Hatutaki maonyesho. Nimemwandikia meneja. Nakuomba umtafsirie, usilainishe.

Jeannine


Kalemie
16 Oktoba 2017

Bwana Steve Verwey,

Mimi ni mtoto wa mtu anayeongea kwenye pango lako la tatu.

Nimeambiwa unataka kuivalisha sanamu shati na kuandika jina la baba yangu kwenye kibao. Naamini nia yako ni njema. Lakini baba hakuwa sanamu ile ilipovaa majani, wala hatakuwa sanamu ile ikivaa shati. Bustani yako ilipotaka mtu mwitu haikumwuliza jina. Alilisema mwenyewe, na miaka ishirini na miwili hakuna aliyemsikia. Sasa mmemsikia, na jambo la kwanza mnalofikiri ni kumweka tena mbele ya watu walionunua tiketi.

Kuna ndugu yetu huko, wakili Murielle, anataka sauti iwekwe mahali watu waone ubaya uliofanyika. Namheshimu. Lakini kwenye maonyesho pia watu hupita, husimama kidogo, huendelea na safari. Baba ameshapitiwa na watu vya kutosha.

Kama mchezo ubomolewe au utengenezwe, mimi sitaamua. Sijaupanda. Nimesikia kuna watu waliupenda utotoni na wanaumia. Nawaamini. Mimi nafundisha watoto wa miaka tisa. Mtoto hachagui kinachomchekesha. Mtu mzima huchagua.

Ninachodai ni sauti tu. Uirudishe kwetu, kanda yenyewe na nakala zake. Mama yangu atakwambia siku ya kuizima. Kabla ya siku hiyo usiiguse, na baada ya siku hiyo isisikike hapo tena, hata kwa dakika moja, hata kwa nia njema.

Jeannine Kisimba, binti Ezéchiel


Bertrams, Johannesburg
13 Novemba 2017

Mwalimu Jeannine,

Bwana Verwey amekubali. Alisema hivyo Ijumaa saa sita mchana, ofisini kwake, mbele yangu, Mzee Damien na Murielle. Sikulainisha neno lolote.

Haikuwa rahisi. Barua yako aliisoma mara mbili, kisha akasema anasikitika, ila sauti ni mali ya kampuni iliyojenga mchezo, na mikataba ni mikataba.

"Nionyeshe karatasi aliyotia saini Ezéchiel Kisimba," Murielle akasema.

"Ni mambo ya 1995, bibie."

"Sikuuliza mwaka."

Kumbe meneja alikuwa ameitafuta wiki mbili nzima. Hakuna. Alifungua mikono juu ya meza. Ndipo akauliza siku, nikamwambia, kama Sista Benita alivyonieleza kwa simu, kwamba mama yako anapendelea Jumamosi, ndugu wote wanapokuwa nyumbani. Alisema Jumamosi kuna watu elfu nne, je, Jumatatu haifai? Mzee Damien akamjibu kwa Kiingereza chake cha kazini: "Sir, mimi nililinda geti lako miaka minane. Hakuna Jumamosi niliyokuomba." Meneja akaiandika Jumamosi.

Murielle ameacha suala la maonyesho. Hakusema ameshawishika. Alisema, "Si yangu." Ila ubomoaji hajauacha. Anasema kuvalisha sanamu shati ni kupaka chokaa ukuta uliooza, na watu wazima waliolelewa na mchezo ule watafute picha zao za utotoni wazitazame nyumbani. Bwana Verwey anasema ukibomoa kila kilichokosewa zamani hutabaki na kitu cha kusahihisha. Nimeyaandika yote mawili. Mimi nina maoni, lakini sikuombwa.

Sasa sehemu ngumu. Mzee Damien anaishi hapa kwa hati ya ukimbizi. Mkimbizi akirudi alikokimbia, hati inakufa. Murielle alimweleza hilo nyumbani, nami nikiwepo, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria.

"Ukivuka mpaka, Papa, hutarudi. Wajukuu zako wako hapa. Hata Kiswahili hawakijui. Nani atakwenda kukutembelea huko na Kizulu?"

"Watajifunza."

"Mwambie yule mama kwa simu! Siku hizi kuna video, mtaonana uso kwa uso."

"Murielle. Mwenye habari ya msiba ndiye anayetembea. Mimi nilimwita mwenye msiba atembee aje kwangu. Nikasema kuna vita, nikasema nina watoto wadogo, halafu vita ikaisha, watoto wakakua. Nilimfanya yule mama kuwa mke wa mgonjwa. Unataka nimalizie kwa video?"

Murielle aliingia jikoni. Tulimsikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Anakuja. Taja siku.

Luqman Shekue


Kalemie
27 Novemba 2017

Papa Luqman,

Mama amesema Jumamosi tarehe 20 Januari. Wajomba wa Moba watakuwa wamefika, na shule itakuwa imefunguliwa, kwa hiyo walimu wote wako mjini. Gari moshi kutoka Lubumbashi linaweza kukaa njiani wiki mbili. Papa Damien aondoke mapema, avae nguo nzito, asinywe maji ya stesheni.

Akifika kabla ya siku, asije nyumbani kwanza. Sista Benita atampokea parokiani. Mama hataki amwone mtu huyo barabarani, amsalimie, amuulize safari, halafu ndipo aambiwe. Ataingia Jumamosi asubuhi, kiti kitakuwa kimewekwa, na atasema.

Nilimweleza mama habari ya ile hati. Akasema, "Amebaki bila kwao kwa ajili ya maneno mawili." Halafu akasema chumba cha nyuma ni chake, akae mpaka achoke mwenyewe. Nikamwuliza, humkasirikii? Akasema, "Namkasirikia sana. Ndiyo maana nataka awe karibu."

Na amenituma nikuulize jambo, nami naliandika kama alivyosema: kile kicheko, ni kicheko cha kumcheka, au cha kucheka naye?

Jeannine


Bertrams, Johannesburg
1 Januari 2018

Mwalimu Jeannine,

Mchana huu ofisi ya Bwana Verwey imenipa kwa maandishi amri aliyopewa fundi. Nimeambatanisha nakala.

Swali la mama kwanza. Nilirudi Silverkop tarehe 19 Desemba, nikapanda mashua mara tatu kwa ajili ya kicheko peke yake. Kinaanza baada ya neno "stesheni." Kwenye "Angélique" kinakatika, kama mtu amejiziba mdomo. Kwenye "Jeannine" hakipo. Kinarudi mwisho, na safari hii wanacheka wawili. Baba yako anamaliza neno la mwisho akiwa tayari ameanza kucheka. Katika safari saba za kwanza sikulisikia hilo. Mwambie mama: ni cha kucheka naye.

Mhariri wangu ameuliza mara tatu habari hii iko wapi. Nimemwambia itachapishwa Jumatatu tarehe 22 Januari, si kabla. Alisema gazeti jingine linaweza kututangulia. Nikamwambia halina mtu anayejua Kiswahili.

Nilikwenda Troyeville jana. Mzee Damien amegawa sare zote alizokuwa amezishona, na cherehani amempa jirani. Anafanya mazoezi ya kusema. Nilimsikia kupitia mlangoni: anaanza, anaacha, anaanza tena na salamu. Aliniuliza kama kazini kwetu tuna namna ya kusema habari kama hiyo. Nikamwambia tunaanza na lililo jipya kabisa na nani amelisema. "Hapana," akasema. "Nitaanza na 'Shemeji.'"

Ratiba ni hii. Mzee Damien anaondoka kesho Jumanne, tarehe 2, saa tatu asubuhi, kwa basi la Lubumbashi, kituo cha Park. Murielle ndiye atakayempeleka. Kanda ya asili na nakala iliyokuwa ofisini ziko kwenye begi la mkononi la Mzee Damien. Mimi mwenyewe nilizifunga kwa kitambaa. Rekodi iliyokuwa kwenye simu yangu nimeifuta mbele yake. Kinacholia sasa pangoni ni nakala moja ya mashine, na fundi ataivunja baada ya kuizima.

Mchezo utafungwa tarehe 31 kama ilivyotangazwa. Tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, kutakuwa na kikao cha wazi kuamua kama utatengenezwa au utabomolewa, na Murielle ni msemaji wa tatu.

Jumamosi tarehe 20 Januari, kuanzia saa nne, fundi atakuwa kando ya mashine, mkono karibu na swichi. Mashua zitaendelea kupita, kwa sababu mama amesema sauti isikatike kabla. Saa zetu na zenu ni moja. Mzee Damien akimaliza kusema, ukiweza kusimama, nibipu mara moja tu. Sitapokea. Nitainua mkono, na fundi atazima.

Nitakuwa pango la tatu tangu saa tatu na nusu.

Luqman Shekue